Sindano ya uso: wamama wa chimbo wanauziwa nini?

Kwetu Manguredjipa maneno ya uso haikuanza na sindano. Ilianza na mafuta ya kujipakala, ile ya vikopo na ya chupa, inayoingia Kasindi, inapita Butembo, kisha inapanda pikipiki karibu kilomita 100 za matope mpaka kwetu. Lakini siku hizi, pale wamama wanatwanga mawe, pale mtoni wanaosha mchanga, pale wanapika chakula ya wachimbaji, kuna neno jipya: sindano ya uso. Wengine wakisema vile wanafikiri ile ya kufanya ngozi iwe nyeupe. Wengine wanafikiri ile ya kujaza mashavu. Wachache, hasa wale wako na ndugu Kampala, Kinshasa ao Dubai, wanataja ile ya kunyoosha makunyanzi inayoitwa Botox. Kwa midomo ya watu zote tatu ziko na jina moja, na njo hapo hatari inaanza, sababu si dawa moja na hazifanyi kazi moja.

Sisi wa sindika tumezoea kuandika juu ya mashimo yanayofunika watu, juu ya kodi kwenye vizuizi vya barabara, juu ya bei ya dhahabu. Kuna wandugu watauliza: sindika inatafuta nini ndani ya uso wa wamama? Tunawajibu mara moja. Mama anayetafuta ile sindano, mara mingi, ni mfanyakazi wa chimbo sawa wewe, na uso wake umechokea kwenye kazi.

Angalia ile kazi yenyewe. Mama wa kutwanga anakaa chini ya jua toka asubuhi, vumbi ya mawe inamuruka mpaka kope zinakuwa nyeupe. Mama wa kuosha anainama, maji inamurudishia jua usoni mara ya pili. Jioni anainama tena juu ya moshi wa kuni. Katikati ya hayo yote amezaa, amenyonyesha, na amekimbia na matandiko kichwani, sababu tangu 2024 mauaji yameingia sana ndani ya Bapere na wengi wetu tumejua barabara ya Butembo kwa miguu. Waganga wa ngozi wanaeleza kwamba jua peke yake inakata zile nyuzi za ndani zinazoshika ngozi isilegee. Weka moshi, weka usingizi kidogo, weka woga. Mama wa miaka 38 kwetu anaweza kuonekana mkubwa kuliko mama wa miaka 50 anayekaa ndani ya ofisi Butembo. Si Mungu aliwagawanyia vile. Ni kazi.

Na wanaume? Tuseme ukweli, sababu ndani ya sindika wanaume ni wengi. PDG wa shimo akipata filo nzuri, kitu cha kwanza ni pikipiki, kitu cha pili ni bibi wa miaka 20. Bibi wa nyumba, yule alipika wakati shimo lilikuwa maji tupu, anaanza kuambiwa kwamba amezeeka. Hata mbele ya watoto anaambiwa. Kisha tukimuona na uso umebadilika rangi, sisi wenyewe njo tunacheka ya kwanza, tunamupa majina ya mchezo: uso wa Fanta, miguu ya Coca. Sisi tunamusukuma, halafu tunamucheka sababu ameanguka.

Tumesikiliza wamama wengi juu ya hii maneno, na hawawazi namna moja. Tulifikiri wote watasema ni juu ya wabwana. Hapana. Kuna wale wanasema wazi kwamba wanaogopa kuachwa, na mama akiachwa kwetu anaachwa na watoto wote, bila karatasi ya ndoa, bila shamba. Lakini kuna mama muuzaji wa chakula ambaye anawaza kazi tu: wachimbaji wanapita kwake wanaenda kula kwa binti wa jirani, na chakula ni ileile. Kuna mama anayebeba dhahabu mpaka Butembo kuuza, ambaye alitueleza jambo ambalo sisi hatukuliwaza kamwe. Akiwa na mashavu yameingia ndani, wanunuzi wanafikiri ana shida, wanamupa bei ya mtu mwenye njaa. Tena uso ukikonda, watu wanaanza kunongona ugonjwa: SIDA, kifua kikuu. Mashavu yenye kujaa yanasema mama huyu anakula, yuko na afya, yuko na mtu nyuma yake. Kwake sindano haikuwa mapambo. Ilikuwa kama koti nzuri ya kuendea sokoni.

Wale wanakataa, nao, hawakatai kwa sababu moja. Wa kanisa wanasema mwili ni wa Mungu, usiuchezee. Wengine wanacheka tu: mimi ni koko tayari, wajukuu wangu wananijua na hii sura, nikibadilika nani atawatuliza? Na kuna wasichana wakubwa wanaoona haya juu ya mama yao, ingawa wao wenyewe wanapakala mafuta ileile usiku. Hiyo tuliona kuwa ni maajabu kidogo, lakini njo vile.

Sasa tuingie ndani ya chupa.

Tuanze na ile ya rangi, sababu ni ya wengi. Mafuta ya kuchubua yanafanya kazi kwa kuzuia ngozi isitengeneze ile rangi yake nyeusi. Kuna yenye hidrokinoni, kuna yenye kortikoidi kali kama klobetasoli, na kuna yenye merkiri, ile wengine wanaiita zebaki. Ndiyo, wandugu, merkiri ileile ya kukamata dhahabu. Ndani ya mafuta ao sabuni haionekani ikitembea kama ile ya kichupa chako. Inakuwa chumvi nyeupe isiyo na harufu, na inaandikwa kwa majina ambayo hakuna mtu wa chimbo anayajua: calomel, mercurous chloride, mercuric, mercurio. Mara zingine haiandikwi kabisa.

Lakini kuna alama moja ambayo sisi tunaweza kuielewa kuliko hata watu wa mji. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema: ukiona kwenye kikopo imeandikwa kwamba mafuta haya yasiguse dhahabu, feza, aluminiamu ao vitu vya mapambo, ujue kunaweza kuwa merkiri ndani. Mchimbaji gani hajui sababu? Sisi tumeona pete ya ndoa ya mtu anayeshika merkiri inakuwa nyeupe kama bati. Merkiri haiachi dhahabu. Basi mafuta inayoogopa pete ya mama, namna gani itakuwa rafiki ya ngozi yake? Ila tuonye: kikopo kisicho na hiyo onyo hakisemi kwamba ni safi. Kinaweza kuwa kimenyamaza tu.

Merkiri inapita ndani ya ngozi na kuingia kwenye damu. Fasi inayoharibu zaidi ni figo. Mama anaanza kuvimba miguu na uso, mkojo unatoa povu, na watu wanasema amelogwa. Inagusa pia mishipa ya fahamu: mikono inatetemeka, usingizi unapotea, moyo unakuwa mzito, hasira inakuja bila sababu. Na ngozi yenyewe, baada ya kung'aa miezi michache, inaweza kurudi na madoa mabaya kuliko mwanzo. Hidrokinoni nayo, ikipakaliwa miaka na miaka chini ya jua kama ya kwetu, inaweza kuacha mabaka meusi yenye kuelekea bluu kwenye mashavu, na hayo hayatoki kirahisi. Kortikoidi inafanya ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara, kidonda kinachelewa kupona. Mama anayeweza kupasuliwa kwa kuzaa ajue hiyo mbele.

Sasa hesabu nyumba moja. Baba anachoma dhahabu jikoni, ndani ya sufuria ao juu ya koleo, sababu anaogopa wezi kule shimoni. Moshi wa merkiri, ambao hauna rangi, unaingia kwenye mapafu ya kila mtu aliye ndani. Mama usiku anapakala mafuta yenye merkiri. Mtoto analala juu ya kifua cha mama, anashika shavu lake, kisha anaweka vidole mdomoni. Taulo ni moja. Kama mama yuko na mimba, mtoto wa tumboni naye anapata fungu lake. Ndani ya nyumba hiyo figo na ubongo vinapigwa toka pande mbili, na baba anafikiri yake ni kazi na ya mama ni ujinga. Ni sumu moja. Hatuwezi kusema juu ya ile ya mama bila kusema juu ya ile ya baba.

Ulimwengu umekwisha kulijua jambo hili. Kuna mkataba unaoitwa Minamata, jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga merkiri baharini, watu wakala samaki, na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba ulikubaliwa mwaka 2013 na ukaanza kazi 2017. Ulikataza mafuta ya ngozi yenye merkiri zaidi ya gramu 1 kwa tani 1 kuanzia 2020. Na mwaka 2023, kwenye mkutano wa Geneva, nchi zikakubaliana kuondoa hata hicho kipimo, ili mwisho wa mafuta yote yenye merkiri iliyotiwa ndani uwe 2025. Gramu kwa tani: hiyo ni lugha yetu, njo vile wahandisi wanapima jiwe la dhahabu. Jiwe lenye gramu 1 kwa tani hata hauwezi kuliona kwa jicho, lakini kampuni kubwa linaweza kulichimba na kupata faida. Na sumu ni vile, kidogo kisichoonekana kinatosha kuhesabiwa. Afrika Kusini ilikataza mafuta ya kuchubua tangu 1990. Rwanda, hapa jirani, polisi walipita maduka kuyakamata kuanzia mwisho wa 2018. Kwetu yanauzwa mchana kweupe, kando ya sabuni na chumvi.

Kisha mafuta, njo ikaja sindano ya rangi. Ile inayosifiwa kwenye simu inaitwa glutathione. Mwili wa mtu unaitengeneza wenyewe, kwenye ini. Waganga wengine wanaitumia kusaidia wagonjwa wa kansa wanaopewa dawa kali. Kule Ufilipino, ambako wamama wengi waliikimbilia kwa kuchubua, wakubwa wa dawa wa serikali walitoa onyo mwaka 2011: haikukubaliwa kwa kazi ya kufanya ngozi nyeupe, na inaweza kusumbua ini, figo na mishipa, na hata kuleta ugonjwa wa ngozi wa kubanduka ambao unaua. Anayeuza hapa hasemi hiyo. Anasema tu ni vitamini.

Ya pili ni sindano ya mashavu, na hii inatuogopesha kuliko zote, sababu ni ya bei ndogo na iko karibu. Wachafu wa biashara wanaiita sindano ya afya. Mara mingi ni deksametazone. Tusikosee: deksametazone ni dawa nzuri. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba inaokoa wagonjwa wa Covid waliokuwa kwenye oksijeni. Muganga anaitumia kwa siku chache, kwa sababu anayoijua. Lakini ukiipiga kila juma ili uso ujae, unapata kweli uso wa mviringo kama mwezi, na huo uso si afya, ni alama ya ugonjwa ambayo wanafunzi wa uganga wanafundishwa kuitambua. Ndani yake sukari ya damu inapanda, presha inapanda, mifupa inakuwa myepesi, vidonda havifungi, mwili unapoteza nguvu ya kupigana na vijidudu. Kinshasa watafiti wamekwisha kuandika juu ya wamama wanaotafuta kunenepa kwa deksametazone na kwa vidonge vya siproeptadini, vile vya kutuliza kujikuna. Si shida ya Manguredjipa peke yake.

Na kuna mtego. Mwili ukipewa ile dawa muda mrefu, tezi zake zilizo juu ya figo zinalala, zinaacha kutengeneza yake. Siku mama anakosa pesa ao muuzaji amekimbia vita, anaacha ghafla, naye anaanguka: presha chini, kutapika, kulegea, na anaweza kufa. Kwa hiyo, kama kuna mama anasoma hapa ao anasomewa na mtoto wake, na anapiga ile sindano miezi sasa, tunamuomba sana asiache leo kwa hasira. Aende kituo cha afya, aseme ukweli wote, wamupunguzie polepole.

Botox yenyewe, ile ya kweli, ndani ya Bapere ni hadithi zaidi kuliko kitu. Lakini tuieleze, sababu jina lake linatumiwa kuuzia mambo mengine. Ni sumu ya kijidudu kimoja, ileile inayoua watu waliokula chakula cha kopo kilichoharibika. Muganga wa macho wa Marekani, Alan Scott, alitafuta namna ya kuitumia kidogo sana kulegeza mishipa ya macho yenye kupinda, ikakubaliwa kwa kazi hiyo mwaka 1989. Mwaka 2002 Marekani ikaikubali kwa makunyanzi ya katikati ya nyusi. Inalegeza msuli, ngozi ya juu inanyooka, na baada ya miezi 3 ao 4 kila kitu kinarudi. Haijazi mashavu. Haifanyi mtu mweupe. Kichupa chake kinatakiwa kukaa kwenye baridi ya digrii 2 mpaka 8. Ulize nani Manguredjipa ana friji ya kushika digrii 2 mpaka 8 usiku na mchana, na jenereta inazimwa saa tatu ya usiku.

Hata kule kwenye umeme, mambo yanaharibika. Mwaka 2024, ndani ya Marekani, ilitangazwa kwamba wamama 22 wa majimbo 11 waligonjwa kisha kupigwa sindano hizo toka kwa watu wasio na ruhusa ao nje ya hospitali. 11 kati yao walilazwa. Mwaka uleule wakubwa wa afya wa nchi hiyo waliandika juu ya duka moja la urembo huko New Mexico, halikuwa na kibali, ambako wanawake 3 walipata virusi vya SIDA kwa njia ya matunzo ya uso. Walitolewa damu mkononi, ikarudishwa usoni kwa sindano ndogo ndogo, na vyombo havikushikwa kwa usafi. Kama Marekani mtu anaweza kutoka na SIDA ndani ya kiti cha urembo, sisi tutaamini nini mfuko wa muuzaji anayepita na pikipiki?

Hapa watu wa Grand Nord hatuhitaji mfano wa mbali. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 Ebola ilitangazwa toka Mangina, ikaingia Beni, ikaingia Butembo, ikagusa hata zone ya afya ya Manguredjipa. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, watu zaidi ya 3,400 walikuwa wameugua na zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Kati ya njia iliyopita, waganga walikuta vile vituo vidogo vya mitaani, nusu dawa za kizungu, nusu za kienyeji. Huko mtoto wa malaria alipigwa sindano na chombo kilichotoka kwa mgonjwa mwingine. Tulizika watoto ambao waliingia na homa ya kawaida. Kila familia ya hapa inajua.

Na jambo linalotushangaza mpaka leo ni hili: wakati ule wengi wetu tulikimbia sindano ya chanjo. Tulisema tunataka kujua iko nini ndani, nani ameituma, sababu gani bure. Maswali hayo yalikuwa ya haki, hata kama chanjo ilikuwa nzuri na watu zaidi ya 300,000 waliipata. Lakini leo mama anapigwa sindano usoni ndani ya chumba cha nyuma, na haulizi hata swali moja kati ya yale. Tofauti ni nini? Ile ya chanjo ilikuja na gari na watu wa mbali. Hii inakuja na rafiki, na inakuja na aibu, na mtu mwenye aibu haulizi.

Njo maana sisi ndani ya sindika tunasema kicheko kinaua. Mama aliyechekwa hataenda kuonyesha mkojo wake wenye povu kwa infirmiye. Atajificha, atanunua kikopo kingine cha kufunika madoa ya kile cha kwanza. Tumeona vituo ambamo mama anaanza kwa kuhubiriwa juu ya kiburi cha urembo mbele ya wagonjwa wote, kabla hata ya kupimwa presha. Hatutaji jina la fasi. Tunaomba tu: pima presha, pima sukari, pima mkojo, kisha zungumza kwa sauti ya chini.

Wandugu wengine ndani ya komite walitaka tutangaze kwamba urembo ni ukoloni, tumalize. Hatukukubali, na mabishano ilikuwa kali. Ni kweli ile fikra kwamba nyeupe ni nzuri haikuota yenyewe juu ya milima yetu. Lakini mama wa miaka 40 aliyefanya kazi tangu ana miaka 15 ana haki ya kutaka uso wake umupendeze, kwa pesa yake. Kama angekuwa na muganga wa kweli, chupa yenye jina la kweli, baridi ya kweli na sindano mpya inayofunguliwa mbele ya macho yake, tungemuachia achague. Hapa hana hata kimoja kati ya hivyo. Anachouziwa ni kama kununua tola ya dhahabu gizani, ndani ya karatasi iliyofungwa, kwa mtu ambaye kesho hayuko.

Kwa hiyo tumeanza na mambo madogo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwa mashimo kadhaa tumepatana na wenye mashimo wajenge kivuli cha mabati ao majani pale wamama wanatwanga, na wanyunyize maji kwenye mawe ili vumbi lipungue. Kofia pana inafanya kazi kuliko mafuta mingi. Tumekataza kuchoma dhahabu ndani ya nyumba za watu wa sindika yetu. Anayechoma achome nje, mbali, upande upepo unaenda, na vile tunatafuta retorti, kile chombo cha chuma cha kufunga moshi wa merkiri na kuurudisha uwe maji, ambacho tena kinamuokolea mchimbaji pesa ya merkiri. Wenye mashimo wengine wamekataa kivuli. Wanasema mama akikaa kwenye baridi atalala. Tunaendelea kubishana nao, na majina yao tunayashika.

Wamama wenyewe wamechukua hatua ambayo hatukuiwaza. Siku ya mkutano kila mmoja analeta kikopo chake, bila kusema ni cha nani, vinawekwa vyote mezani, na mtoto mmoja wa sekondari anayesoma Kifaransa na Kiingereza anasoma maandishi ya nyuma kwa sauti. Mara ya kwanza vilikuja vichache. Mara ya pili wabwana wawili walileta vyao, wamevifunga ndani ya gazeti, na hakuna aliyecheka, ingawa ilikuwa vigumu. Vile vyenye jina la merkiri, ao vyenye onyo la dhahabu na feza, ao visivyo na maandishi kabisa, vinawekwa kando.

Shida iliyobaki ni namna ya kuvitupa. Kutupa mtoni ni kunywa kesho, sababu maji ni yale ya kuosha mchanga na ya kupika. Kuchoma ni kufanya moshi uleule tunaoukimbia. Kwa sasa vimefungwa ndani ya bidoni moja ya plastiki yenye kifuniko, iko juu, mbali na watoto, na tumeandikia zone ya afya watuambie tuipeleke wapi. Mama yeyote aliye na kikopo cha namna hiyo nyumbani afanye vivyo hivyo: akifunge vizuri, aoshe mikono, abadilishe taulo na foronya, na akilete siku ya mkutano.